Saba Waliokosea Pamoja

Binti yangu husema mimi nikipewa zawadi huigeuza kwanza nitazame chini kama kuna bei. Hajadanganya. Nimesimamia mitihani ya chuo cha udaktari kwa miaka mingi, na kazi hiyo imenifundisha kwamba mtu akikuchekea huku mkono mmoja uko mfukoni, uliza mfukoni kuna nini. Wanafunzi wananiita Bi Hadubini. Wanadhani sijui.

Kwa taaluma mimi ni daktari wa maabara. Nachunguza vipande vya nyama kwenye hadubini, na mara nyingine maiti nzima. Mioyo niliyowahi kuishika ni mingi, ila yote ilikuwa imeshanyamaza kabla haijafika mezani kwangu. Habari za mioyo inayopiga nawaachia wenzangu, hasa yule mhadhiri tunayemwita Mzee wa Moyo, ambaye stetoskopu haimtoki shingoni hata akialikwa harusini. Yangu mimi ilikuwa imelala kwenye droo, chini ya sindano za kushonea na miwani iliyovunjika mkono.

Mtihani wa vitendo wa mwaka wa tatu niliupanga mwenyewe. Mwaka huo kwa mara ya kwanza niliweka kituo cha moyo, chenye vyumba viwili vilivyopakana. Cha kushoto angelala fundi viatu mmoja, mzee wa watu, ambaye kimlango kimoja cha moyo wake kimebana, kiasi kwamba damu ikipita husikika kama upepo kati ya pigo la kwanza na la pili. Cha kulia angelala mlinzi wa lango letu, mzima kabisa, kijana ambaye hajui hata hospitali ina ladha gani. Mwanafunzi aingie kote kuwili, asikilize vifua vyote, kisha aandike yupi mgonjwa na amejuaje. Mpango huo ulichapwa mapema ukafungiwa kabatini.

Asubuhi yenyewe fundi viatu akakataa chumba chake. "Mwanangu, nimekuja kuwasaidia," akaniambia, "lakini kibofu changu hakijui mambo ya mitihani. Niweke karibu na choo." Choo kiko upande wa kulia. Nikacheka, nikawabadilisha, mlinzi akaenda kushoto na fundi kulia. Mpango uliochapwa sikuugusa, maana Mzee wa Moyo alikuwa pale pale na aliwajua wote wawili.

Mchana tukakaa kusahihisha. Wengi walipata. Waliokosa walikosa kila mmoja kwa njia yake: mmoja aliandika kwamba wote wawili ni wagonjwa, mwingine alieleza mapafu ambayo hakuulizwa, na mwingine, Mungu amsaidie, alitoka bila kukumbuka kuiweka stetoskopu masikioni. Kisha zikaja karatasi saba. Zote saba zilisema fundi viatu ni mzima na mlinzi ndiye mgonjwa. Mmoja wao aliandika kwamba moyo wa mlinzi "umepungukiwa na kitu", na mwingine akaandika vivyo hivyo kwa maneno yake.

Mzee wa Moyo akavua miwani. "Hawa wamelogwa?"

"Hawa wameuziwa," nikasema.

Nikamweleza. Asiyejua hukosea popote pale, hana mahali maalumu. Watu saba wakikosea mahali pamoja na kwa namna moja, basi wamechota kisima kimoja. Mpango uliochapwa ulisema mgonjwa yuko kushoto. Mtu kauona, kawapa. Saba hawa wakaingia na jibu kichwani, hawakusikiliza chochote, na hawakujua kwamba kibofu cha mzee mmoja kimeugeuza mtihani juu chini. Siku za mwizi ni arobaini, na hizi zilikuwa zimetimia.

"Wanafundishwa na nani hawa?" akauliza Mzee wa Moyo.

Nilikuwa nimeshalitafuta jibu. Wote saba walikuwa watoto wa Kaka Ubao.

Huyu Kaka Ubao alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya kuonekana kila mshipa. Jina alilipata kwa sababu ya kipande cha mbao alichokipaka rangi nyeusi, alichokuwa akitembea nacho kwapani popote aendapo. Kila siku baada ya vipindi aliwafundisha waliofeli. Wanaofaulu alikuwa hawapokei. "Nyie mna wahadhiri," aliwaambia. Hakulipwa na mtu, hakupata cheti, hakugombea uongozi wa wanafunzi, na alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu mwaka wake wa pili bila kukosa. Wenzangu walimsifu kwenye vikao. Mimi nilikuwa nikimsikiliza mtu wa namna hiyo na kujiuliza anapata nini. Cha bure hakipo. Kipo kilichocheleweshewa bei.

Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo ndilo lililoninyima raha. Karani anayechapa mitihani, katika ofisi yangu mimi, alikuwa mama yake mdogo.

Nikaenda kwa mkuu wa chuo na karatasi saba mkononi. Akazisoma, akashusha pumzi ndefu. Kamati ya nidhamu ingekaa kesho yake. Kama nitathibitisha, Kaka Ubao angefukuzwa na hakuna chuo kingine ambacho kingempokea, wale saba wangefutiwa mtihani, na karani angeachishwa kazi. "Lakini niletee kitu," akasema mkuu. "Kukosea si wizi. Niletee mtu aliyesema."

Nikaanza na karani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, ambaye akifunga kabati huvuta mpini tena kuhakikisha, kisha akifika mlangoni hurudi kuuvuta mara nyingine. Tabia hiyo nilikuwa nikiipenda. Siku ile ilinitia wasiwasi. Mtu anayehakikisha sana anajua kitu kinaweza kutoka.

"Mpango wa vituo ulionwa na nani?" nikamuuliza.

"Na mimi na wewe, Daktari."

"Na nyumbani kwako?"

"Nyumbani sipeleki hata kalamu." Akanitazama, akaelewa, akaweka chini karatasi alizokuwa akizipanga. "Ni huyu mwanangu?"

"Wanafunzi wake saba wamekosea kosa moja."

"Si saba tu alio nao. Anawafundisha wote mnaowatupa." Alilisema kwa adabu zote, ndiyo maana liliniuma. "Daktari, dada yangu alianguka tu siku moja akianika nguo, hakuamka. Mtoto alikuwa hajang'oka hata meno ya utoto. Nimemlea mimi. Ana makosa yake, nisimsifu bure. Hali kwa wakati, hafui mpaka nipige kelele, na kila mtu anampa muda wake mimi nikabaki na makombo. Lakini wizi, hapana." Akazishika tena karatasi zake. "Kama lazima mtu aondoke, niondoe mimi. Yeye mwache amalize."

Nilitoka pale na uhakika zaidi kuliko nilivyoingia. Asiye na hatia haanzi kugawa adhabu, huo ndio ulikuwa mzani wangu. Kwamba mama anaweza kuusema huo huo kwa kumpenda mtoto, nililijua pia, lakini siku ile sikutaka kulijua.

Nikamwita kijana mwenyewe. Ofisi yangu iko ghorofa ya juu kabisa. Alipofika mlangoni alikuwa amelowa jasho kipajini, ameshika fremu ya mlango, anahema, na ubao wake uko kwapani.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Unamkimbia nani?"

"Ngazi tu, Daktari."

"Ngazi hizo nazipanda mimi na umri huu."

Akatabasamu, akafuta jasho kwa mkono wa shati. Nilimwandikia hilo akilini: jasho, pumzi, mkono unaotafuta pa kushika. Nimewaona wezi wengi wa mitihani na wote huja wakiwa wamelowa.

"Kwa nini unafundisha bure?" nikamuuliza.

Hakulitarajia swali hilo kwanza. "Mwaka wa kwanza nilifeli somo la viungo vya mwili," akasema. "Nikaenda kukaa nyuma ya kundi la wenye akili ili nidokoe mawili matatu. Wakahamisha viti."

"Kwa hiyo unalipiza kisasi."

"Namna hiyo, Daktari."

Jibu zuri sana. Mimi majibu mazuri sana siyaamini. "Hawa wa mwaka wa tatu uliwaambia nini kuhusu mtihani wa vitendo?"

"Wasiogope. Waujue kwanza moyo wa mtu mzima mpaka wauote. Ukimjua mzima, mgonjwa atajitokeza mwenyewe."

"Na vyumba uliwaambia?"

"Vyumba gani?"

"Kushoto na kulia."

Akanitazama kama mtu anayepima jinsi ya kusahihisha mkubwa bila kumvunjia heshima. "Moyo uko kushoto, Daktari," akasema taratibu.

Nusura nicheke, na hilo likanikasirisha. Nikamwambia wanafunzi wake wote saba wameanguka katika kituo cha moyo. Akakaa kitini bila kukaribishwa. Ubao ukamteleza kwapani akaudaka kwa goti.

"Wote?"

"Wote."

"Haiwezekani. Moyo ndio niliowafundisha kuliko yote." Alijishika paji la uso. Niliona mbele yangu mfanyabiashara aliyerudishiwa mzigo na wateja wote kwa mpigo, nikangoja aanze kujitetea. Hakujitetea. "Basi kosa ni langu," akasema.

Nikasogeza karatasi na kalamu mbele yake haraka. "Liandike hilo, uweke sahihi."

"Niandike nini, Daktari? Sijui nimekosea wapi. Nikijua nitaandika."

Niliona ujanja mtupu. Nikamuuliza leo anafundisha wapi, akasema pale pale pa siku zote, chumba cha zamani cha kufulia nguo nyuma ya hospitali, vipindi vikiisha. Nikamwambia nitakuja kumtazama.

"Karibu sana. Ila benchi ni moja na lina mguu mbovu."

Sikungoja vipindi viishe. Nilitangulia kabla ya saa aliyoniambia, nikapita nyuma ya jiko la hospitali, kwenye matanki, nikajibanza ukutani chini ya dirisha la chumba kile. Ndiyo, mimi, mwanamke wa umri wangu, na begi langu mkononi. Katika begi nilikuwa nimeweka kinasa sauti changu. Nilitaka mtu aliyesema, kama alivyoagiza mkuu.

Wenyewe walikuwa wameshafika, nao hawakungoja. Nilisikia benchi likiburutwa na msichana mmoja akivuta kamasi. "Nikifeli na marudio wananitoa," alikuwa akisema. "Nyumbani wameshaanza kuniita daktari. Nitarudi niwaambie nini?"

"Hutarudi," ikasema sauti ya Kaka Ubao. "Tulia kwanza."

Kisha sauti ya kijana mwingine, nzito, ya mtu aliyekuwa amelishikilia neno kwa muda: "Kaka, mimi naona tumwambie tu Bi Hadubini ukweli."

Nikabonyeza kinasa sauti. Nilisikia raha, siwezi kudanganya.

"Ukweli upi?" akauliza Kaka Ubao.

"Kwamba yule mlinzi hakuwa na ile sauti. Mimi nilisikiliza mpaka masikio yakaniuma. Nikamwambia avute pumzi, atoe, alale ubavu. Haikuwepo. Yule mzee alikuwa nayo vizuri tu, kama wewe."

"Haiwezi kukosekana," Kaka Ubao akasema. "Mlikuwa na hofu. Au mliibana stetoskopu vibaya."

"Wote saba tuliibana vibaya?"

Nilibaki nimeshika kile kinasa sauti nisijue nimenasa nini. Mtu aliyepewa jibu halalamiki kwamba masikio yalimuuma. Hamwambii mgonjwa alale ubavu. Lakini pia nilijua wajanja hupeana maneno ya kusema, na huenda walikwishaniona nikipita kwenye matanki. Nikazunguka, nikasukuma mlango.

Wote wakasimama. Kilikuwa chumba kirefu chenye mabeseni makubwa ya saruji yaliyojengewa ukutani, mabomba yenye kutu, na waya za kuanikia zilizokatika. Bado kilinuka sabuni ya mche ya zamani. Kuta zake zilikuwa nene sana, na mara mlango ulipofungwa kelele zote za hospitali zilibaki nje. Ubao ulikuwa umeegemezwa kwenye beseni, umechorwa moyo na milango yake, mchoro safi kuliko wa vitabu vyetu. Nikakaa kwenye benchi la mguu mbovu.

"Endeleeni kama sipo," nikasema, kitu ambacho hakuna mwanafunzi duniani anayekiweza.

Kaka Ubao alikiweza. Alifungua vifungo vya shati, akalivua, akalitundika kwenye bomba. Nikauliza hiyo ni nini tena.

"Ndivyo tunavyofanya, Daktari. Wasichana hawawezi kuvua, wavulana wakivuliana wanachekana, na mgonjwa wa watu hakulazwa ili watu saba wajifunzie kwake kila siku. Kwa hiyo wananitumia mimi. Mwembamba hivi, kila kitu kinasikika." Akajipiga kifuani kwa fahari kidogo. "Tangu mwaka juzi. Hakuna aliyepita mikononi mwangu ambaye hajaupata moyo huu."

Akakaa ukingoni mwa beseni. Msichana aliyekuwa akilia akafuta macho, akatwaa stetoskopu, akakipasha moto kiganjani kile kisahani cha mbele kama alivyofundishwa, akakiweka kifuani. Akasikiliza. Kisha kwa mkono wake wa pili akaanza kugonga saruji kufuatisha anachosikia: kifundo cha kidole, halafu kiganja kikafagia ukingo wa beseni, halafu kifundo tena. Gonga, fagia, gonga. Gonga, fagia, gonga. Wenzake sita nao wakaanza, kila mmoja kwenye saruji iliyo mbele yake, wote kwa pamoja, wakiwa wamefumba macho.

"Mnasikia?" Kaka Ubao akasema bila kusogea. "Pigo, upepo, pigo. Hiyo ndiyo salama. Ukiisikia hiyo, mwambie mgonjwa aende nyumbani."

Mimi nilifundishwa haya zamani, na mzee mmoja mkali aliyekuwa akitugongea mezani kwa kalamu. Mengi yake nimeyasahau. Lakini kugonga kule sijakusahau, kwa sababu alikuwa akigonga mara mbili tu, na baina ya mbili hizo hakuweka kitu.

Nikaitazama ile mikono saba inayofagia. Benchi likayumba chini yangu. Mpango uliochapwa, kabati, choo cha upande wa kulia, vyote nilivyovishona kwa uzi mzuri vikaachia kwa mara moja. Hakuna aliyeuona mpango wowote. Wale watoto waliingia chumba cha fundi viatu wakasikia upepo ule ule waliofundishwa kwamba ni uzima. Wakaingia kwa mlinzi, mzima kama jiwe, wakautafuta upepo wasiuone, wakaandika kwa uaminifu wote kwamba umepungukiwa na kitu.

"Nipeni hiyo," nikasema.

Msichana akanipa stetoskopu. Nilikuwa sijamsikiliza mtu aliye hai kwa miaka, na niliiingiza masikioni kinyume kabla sijairekebisha. Hakuna aliyethubutu kucheka. Nikaweka kile kisahani kwenye kifua cha Kaka Ubao, chenye mbavu za kuhesabika. Ulikuwepo. Haukuhitaji sikio la Mzee wa Moyo. Baina ya pigo na pigo ulipita upepo mkavu, wa mtu anayepuliza chai ya moto, na nilipopandisha mkono hadi shingoni nikaukuta umenitangulia huko pia. Kama ni kimlango kilichobana, au ni msuli ulionenepa ukaziba njia, hilo si la kuamuliwa na masikio yangu. Nikakumbuka ngazi. Nikamkumbuka mwanamke aliyeanguka akianika nguo, habari niliyoambiwa siku ile ile na mtu niliyekuwa nikimtafutia kosa, mimi daktari, nikaipita kama tangazo la ukutani.

Niliona aibu. Kisha nikaogopa, na woga ukawa mkubwa kuliko aibu.

"Daktari, mbona unarudi pale pale?" akauliza.

"Vaa shati."

"Kwanza niambie."

Nikawageukia wale saba maana wao ndio waliokuwa rahisi kuambiwa. "Hamkuiba," nikasema. "Nilidhani mmeiba. Kesho nitaiambia kamati hivyo, marudio mtafanya, na mama yake mdogo ataendelea kufunga kabati langu." Wakatazamana. Yule mwenye sauti nzito akacheka kwa kupumua, wengine wakaanza kukumbatiana.

Kaka Ubao hakucheka. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na nilimwona akianza kurudi nyuma hatua kwa hatua, kama tunavyowafundisha kutoka dalili kwenda kwenye chanzo.

"Kama hawakuiba," akasema, "basi walijibu nilichowafundisha."

"Ndiyo."

"Na nilichowafundisha ni hiki changu."

"Ndiyo, mwanangu."

 Waliokumbatiana waliachana polepole.

"Wodini nilikuwa siusikii upepo kwa wagonjwa wengi," akasema. Alikuwa akiongea na ubao wake zaidi kuliko na mimi. "Nikasema wodi ina kelele. Nikasema watu wana vifua vinene. Nikasema masikio yangu ni mabovu na nikiwaambia wahadhiri watanicheka. Basi nikirudi chumbani najisikiliza mwenyewe, nausikia vizuri, natulia." Akanigeukia. "Unatibika?"

"Wengi wanatibika. Wengine kwa dawa, wengine wanapasuliwa wanarudi kazini. Kesho asubuhi na mapema nakupeleka kwa Mzee wa Moyo mimi mwenyewe. Kabla ya hapo usipande ngazi, usikimbie, usibebe hata huo ubao." Sikumdanganya. Pia sikumwambia yote ninayoyajua, kwa sababu yote ninayoyajua nimeyajulia mezani kwangu, kwa waliochelewa.

Msichana akaanza tena kulia. "Nyamaza kidogo," Kaka Ubao akamwambia kwa upole. "Siwezi kufikiri." Akachukua shati lake kwenye bomba lakini hakulivaa, akabaki amelikunjia mikononi. "Daktari, mimi sijawahi kuusikia ulio mzima. Yaani huku nikijua kwamba ndio huo ninaousikia. Ukoje?"

Watu saba wakanitazama. Hakuna aliyeweza kumjibu kati yao, maana alichowafundisha ndicho walichokuwa nacho. Mimi ni mtu wa kola iliyofungwa mpaka juu, hata mkono wa salamu nautoa kwa hesabu. Nikafungua kifungo cha kwanza, nikafungua cha pili, nikasogeza begi pembeni.

"Mzee wa Moyo hunipima kila mwaka," nikasema. "Anadai nitawazika wote. Njoo."

Akavaa shati kwanza, kwa heshima. Akakipasha kile kisahani kiganjani. Akakiweka mahali pake hasa, bila kupapasa, akafumba macho. Nilikuwa nimeutazama uso wake tangu mchana nikiuchunguza umeficha nini, na sasa ulikuwa karibu nami kiasi cha kuhesabu kope, hauna ulichoficha. Alisikiliza sana. Mkono wake wa pili ulikuwa juu ya benchi, ukaanza kugonga wenyewe kwa mazoea. Kifundo kikagonga. Kiganja kikafunguka tayari kufagia, kikasita hewani. Kifundo kikagonga. Kiganja kikafunguka tena, kikasita, hakikushuka.

"Kumbe hapa katikati huwa kimya," akasema.

Akaendelea kusikiliza kidogo. Kisha akavua stetoskopu, akafuta vya masikioni kwa pindo la shati, akamnyooshea yule msichana.

"Njoo na wewe usikie," akamwambia. "Halafu wenzako, mmoja mmoja."